Siendi Nyumbani, Nina Sindano Kesho

Siandiki haya ili nionewe huruma. Huruma nilionewa ya kutosha mwaka ule, na nyingi ilitoka kwa watu waliokuwa wakinipima sanduku la maiti kwa macho. Mimi ni seremala, mtu akinipima najua. Naandika kwa sababu yuko mtu mahali fulani, leo hii, amekaa kwenye benchi la kliniki na kikopo cha makohozi mkononi, na nyumbani ana mtoto ambaye mwili wake hauwezi kubeba ugonjwa mwingine hata mmoja. Huyo ndiye ninayezungumza naye. Wengine sikilizeni mkitaka.

Tulikaa Ziwani, Nairobi, chumba kimoja cha nyumba za baraza la jiji, kile cha mwisho kwenye safu, varanda ya saruji mbele na choo cha kushirikiana nyuma. Tulikuwa watatu: mimi, mke wangu Rosa, na binti yetu Nafula, wa miaka minane. Mimi nilifanya kazi katika karakana ya kutengeneza madawati ya shule. Rosa alishona nguo kwa cherehani pale pale varandani. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Redio ilituambia kila asubuhi kwamba ukimwi umeenea dunia nzima, na ukiuliza mtaani kwetu, hakuna aliyekuwa nao. Watu walikufa kwa malaria, walikufa kwa kurogwa, walikufa baada ya "kuugua kidogo tu". Kila Ijumaa kulikuwa na gari linaloondoka na jeneza, kwenda kwetu magharibi au kwenda Ukambani, nasi tulishazoea kiasi kwamba tuliuliza tu, "Leo ni nani?"

Nafula alizaliwa na kasoro ya damu inayoitwa sikoseli. Sitawaeleza ni nini, maana hata madaktari waliponieleza nilikuwa naitikia tu. Ninachojua ni kwamba baridi ikimpata, mifupa inamuuma hadi anatoa kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu mzima. Homa ambayo kwa mtoto mwingine ni ya siku mbili, kwake ni wodi. Daktari wake alituambia mambo matatu: asipate baridi, asikae na kiu, asiletewe ugonjwa. Rosa aliyashika hayo matatu kuliko alivyoshika amri za kanisani.

Nilianza kukohoa masika yalipoanza. Nikasema ni vumbi la mbao. Mwezi wa kwanza ulikuwa vumbi la mbao, wa pili ukawa vumbi la mbao na mvua. Shuka zilikuwa zinalowa jasho, Rosa anazianika kila siku bila kusema kitu. Mshipi wangu nikautoboa tundu jipya kwa msumari, halafu jingine, halafu mwisho wa mshipi ukawa mrefu kiasi cha kuning'inia mbele kama ulimi wa mbwa. Pale karakana wenzangu wakaacha kunitania. Hapo ndipo nilipoogopa, maana fundi akiacha kukutania ujue ameshakuhesabu pamoja na marehemu.

Nisikilize hapa wewe wa kwenye benchi, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea, na ninakwambia bila aibu ili usikosee.

Nilijua nina kitu kibaya kifuani. Nikafikiri kama alivyofikiri kila mtu mtaani, kwamba ugonjwa unapita kwenye vyombo. Nikachukua rangi nyekundu ya karakana, nikapaka kikombe changu, sahani yangu na kijiko changu. Kwetu baba hamalizi nyama. Huacha kipande cha mwisho na tonge moja la ugali kwa mtoto, na Nafula alikuwa amekula masalio yangu tangu aote meno. Nikamnyima. Alilia siku mbili, akidhani amenikosea. Kisha, kwa kuwa baridi ilikuwa inaingia na mtoto hatakiwi kuguswa na baridi, nikachukua mbao na nyundo nikalipigilia dirisha letu misumari. Sio kulifunga tu. Nililipigilia, nikaziba nyufa kwa magazeti na gundi ya unga. Kazi safi ya fundi. Nikarudi nyuma nikaitazama, nikajisifu: mtoto wangu amelindwa.

Halafu zamu ya mkutano ikafika kwangu.

Watu wa ukoo wetu walioko Nairobi tulikutana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, kwa zamu, nyumba hii leo na nyumba ile mwezi ujao. Mwenyekiti alikuwa kaka yangu mkubwa, Simiyu, karani ofisi moja mjini, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Zamu haikosekani. Ukiikosa watu wanauliza kwa nini, na mwaka ule kulikuwa na jibu moja tu.

"Baba Nafula, waambie unaumwa," Rosa aliniambia. "Wapeleke kwingine mwezi huu."

"Niseme naumwa? Si nitakuwa nimewachimbia kaburi na kuwapa majembe?"

"Na mtoto?"

"Mtoto dirisha limefungwa. Kuna joto."

Walikuja watu ishirini na wawili. Mvua ilikuwa inanyesha, tukafunga na mlango. Tuliimba, tukaomba, tukajadili mambo ya nyumbani, saa nne nzima kwenye chumba kimoja. Simiyu alikaa kando yangu kwa sababu ndiye mkubwa, na firigisi ya kuku ilikuwa yake. Nafula alikaa kwenye magoti yake. Mimi nilikohoa kwenye kitambaa, nikatabasamu, nikakohoa tena, na kikombe changu chekundu nilikiweka mbali kabisa na cha mtu yeyote. Niliona nimefanya uungwana.

Wiki mbili baadaye nilitema damu kwenye sinki la karakana. Msimamizi alinipa ruhusa hata kabla sijaomba.

Kliniki ya kifua ilikuwa na mabenchi nje, chini ya paa la mabati, na watu walikaa wakitazama viatu. Hakuna aliyemsalimia mwenzake hata kwa niaje. Unapewa kikopo, unakwenda nyuma ya jengo kukohoa, unarudisha. Kesho tena. Kesho kutwa tena. Siku ya nne sista aliyekuwa akiendesha pale, mama mfupi wa Kikamba mwenye sauti ya kuuza sokoni, aliniita ndani akafungua daftari.

"Wekesa, ni TB. Inatibika. Sindano sitini pamoja na tembe, kila siku, hapa mbele yangu. Halafu tembe peke yake, miezi sita. Ukiruka siku nakufuata mpaka kwako. Nyumbani mko wangapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia pia kuhusu Nafula. Akaacha kuandika.

"Nyumba iko na dirisha?"

"Inalo."

"Inafunguka?"

Nikatazama viatu, kama wale wa nje.

"Baba, nimeuliza, inafunguka?"

"Nililipigilia misumari. Kwa sababu ya mtoto, Sista. Baridi."

Akafunga daftari. "Na vikombe umepaka rangi?"

Nilishtuka. "Umejuaje?"

"Wote mnapaka rangi! Wote! Sikiza, mzee. Hii kitu haiingii kwa kikombe. Inapita kwa hewa. Ukikohoa kwa nyumba imefungwa, hiyo hewa yako ndiyo mtoto anavuta. Enda ufungue hiyo dirisha. Leo. Kabla ukule."

Sikumbuki nilirudi vipi Ziwani. Nakumbuka nilivyong'oa ile misumari, na jinsi ilivyokataa kutoka, kwa sababu nilikuwa nimeipiga vizuri. Rosa alisimama mlangoni akiniangalia. Nilipomwambia alichosema sista, alikaa chini kwenye saruji.

Maana hebu fikiria. Dirisha likiwa wazi, baridi inamwangusha Nafula, na Juni ilikuwa inabisha hodi. Dirisha likifungwa, kifua changu kinamwangusha. Kumpeleka kwa mama yangu nyumbani haikuwezekana, kwa sababu kule malaria haikosi, na mtoto wa binamu yangu mwenye damu kama ya Nafula alikwenda likizo ya wiki mbili hakurudi. Chumba kilikuwa kimoja na sisi tulikuwa watatu. Kitu kimoja tu ndicho kingeweza kutoka, na kitu hicho kilikuwa mimi.

Nikatoka. Nilichukua mbao za makreti, nikatengeneza kitanda kifupi pale varandani, nikaweka ubao upande mmoja wa kuzuia mvua, mbele nikaacha wazi kwa hewa. Cherehani ya Rosa ikahamia ndani. Mchana dirisha lilikuwa wazi jua likiingia, jioni Rosa alilifunga na mtoto akalala kwenye joto. Mimi nje, na blanketi mbili na koti la kazi.

Mwelewe mtaa ulivyokuwa. Wagonjwa walikuwa wanafichwa. Mtu akianza kukonda, pazia linashuka, na habari yake unaisikia tena siku ya matanga. Mimi nilikuwa nimekaa nje, mbavu zikihesabika, mbele ya safu nzima, kila anayekwenda bombani lazima anipite. Wengine walibadilisha njia. Vijana wakaniita Askari wa Ziwani. Mama mmoja alimuuliza Rosa kama sioni haya.

"Haya ya nini?" nilimjibu mwenyewe, kwa sauti. "Nimeiba kitanda cha nani?"

Nikaanza kuhesabu siku kwa sindano. Ya kwanza mpaka ya kumi, nilikuwa natembea kwenda kliniki nikisimama kila baada ya nguzo tatu za umeme. Sindano ya tatu, mkojo wangu ukatoka rangi ya soda ya machungwa, na kwa kuwa hakuna aliyenionya, nilirudi mbio kwa sista nikidhani figo zimepasuka. Alicheka mpaka akashika meza. Dawa tu. Ya kumi na tano, nilisikia njaa kwa mara ya kwanza. Ya ishirini, matako yalikuwa magumu, sista akiuliza, "Leo upande gani?" namwambia, "Chagua wewe, yote si yangu tena." Ya thelathini masikio yakaanza kulia, mlio mwembamba usiokoma. Sikio la kushoto halijapona mpaka leo. Ukinisemesha upande huo utadhani nimekudharau.

Aliyenisaidia ni Akinyi, jirani wa mlango wa tatu. Mume wake alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia na kila mtu alijua kilichomwua, na kila mtu alijua Akinyi naye anacho. Yeye mwenyewe hakuficha. Watu walikuwa hawanunui tena mandazi yake. Kila asubuhi kabla sijaenda kliniki alikuja na uji wa wimbi kwenye kikombe cha plastiki.

"Kunywa, shemeji. Hiyo dawa ikipata tumbo tupu itakutwanga."

"Na wewe umekula?"

"Mimi nitakula. Kunywa bwana, mbona unahoji mtu kama polisi?"

Nafula hakunigusa siku zile zote. Sista alisema wiki za kwanza ndizo mbaya zaidi, lakini sikutaka kubahatisha. Alikaa ndani ya kizingiti, mimi nikakaa ukingoni mwa varanda, ananisomea kitabu cha shule. Akifika neno gumu anainua kitabu nilione kwa mbali. Siku moja aliniuliza, "Baba, ukipona utarudi ndani ama umezoea?" Nikamwambia nitarudi. Nilitamani kumbeba mtoto wangu mpaka mikono ikaniuma, na hilo nalisema waziwazi. Naye alichunguzwa. Walimdunga chini ya ngozi ya mkono, wakasubiri siku tatu, pakavimba. Maana yake ni kwamba ile hewa yangu ilikuwa imemfikia. Picha ya kifua ilikuwa safi. Daktari akampa tembe za kumkinga, kila siku, akasema, "Kwa sasa hana ugonjwa." Kwa sasa. Hayo maneno mawili nililala nayo na kuamka nayo.

Sindano ya thelathini na nane, mwanzo wa Julai, baridi imekaza, Simiyu alikuja na wanaume wanne wa ukoo. Ilikuwa Jumamosi mchana. Walisimama mbele ya varanda, hawakukaa, ingawa Rosa alitoa viti.

"Mulembe," wakasalimu, yaani amani.

"Mulembe," nikajibu. "Karibuni. Hapa nje hewa ni ya bure."

Simiyu alisafisha koo. "Wekesa, ukoo umekaa."

"Umekaa wapi? Mimi si mwanaukoo? Mbona sikuitwa?"

"Usianze. Tumekaa, tumeona hii aibu ya kulala nje lazima iishe. Mama anauliza. Tumetafuta gari. Jumatatu twende nyumbani, ukapumzike."

Kupumzika. Nilikuwa nimewaona waliopelekwa kupumzika. Walikwenda wameketi kwenye kiti, na hakuna aliyerudi kwa namna hiyo.

"Siendi nyumbani. Nina sindano kesho."

"Sindano ziko kila mahali."

"Kutoka kwa mama mpaka kliniki ya kifua ni mwendo wa nusu siku, Kaka. Nitabebwa na nani kila siku? Wewe?"

"Na mtoto atakaa na nyanya yake, apate hewa safi."

"Apate mbu. Nafula haendi. Mimi siendi. Mmekunywa chai?"

Mmoja wao alicheka kidogo, Simiyu akamkata jicho. Kaka yangu alikuwa amekasirika sasa, na akikasirika hupandisha sauti kama yuko mkutanoni. "Basi tuambie. Mbele ya watu hawa. Ni TB peke yake, ama ni ule ugonjwa mwingine? Sema tujue tunabeba nini!"

Safu nzima iligeuka kututazama. Hata bomba lilifungwa. Akinyi alikuwa pale bombani na mtungi wake, akiangalia chini.

Nilikuwa nimepimwa. Kliniki walitaka, na majibu tulikuwa nayo, mimi na Rosa, kwenye karatasi iliyokunjwa. Ningeweza kujibu kwa neno moja. Ningesema sina, kila mtu angepumua, na mwanamke aliyekuwa akininywesha uji angebaki amesimama peke yake pale na mtungi. Ningesema ninao, wangenibeba na kitanda changu mpaka garini. Nikaona hili swali halina jibu zuri kwa sababu mwenye kuuliza hakuwa na haki ya kuuliza.

"Sijibu," nikasema.

"Hujibu nini?"

"Sijibu hilo. Niulize kama nimekula. Niulize kama mtoto yu mzima. Hayo nitajibu."

Na wewe unayesoma, ikiwa umengoja nikwambie, hutalipata hapa pia. Ng'o.

"Basi tukiondoka hapa usituite," Simiyu akasema. "Kwa lolote."

Wakaondoka. Nilikuwa najiona shujaa mpaka nilipogeuka nikaona uso wa Rosa.

"Ungesema tu!" Alikuwa anarudisha viti ndani kwa kishindo. "Neno moja! Sasa tukipata shida tutamwita nani? Wewe umepigania heshima yako, Baba Nafula. Mimi napigania mtoto."

"Mimi pia napigania mtoto."

"Kwa kutufukuzia watu?"

Hakunisemesha siku nne. Chakula alikiweka kizingitini akageuka. Sikumlaumu, na sikujuta.

Sindano ya hamsini na moja, nilirudi kliniki nikakuta mlango wetu wazi na Nafula ameketi kitandani, mabega juu, anavuta pumzi fupi fupi. Mwili ulikuwa moto. "Baba, kifua kinauma," akasema. Kifua! Miezi yote ile, baridi yote ile, na bado!

Rosa alimfunga mgongoni. Akinyi akabeba chupa ya uji na shuka. Tulipanda gari hadi hospitali, mimi nikakaa nyuma kabisa dirishani, kichwa nusu nje. Walimchukua ndani kupigwa picha, sisi tukaambiwa tungoje. Lilikuwa benchi la mbao, limelegea mguu mmoja, na mimi nikajikuta nalitikisa tu.

"Wekesa," Rosa akasema. Hakuwa ameniita hivyo tangu tuoane. "Kama ni kifua chako..."

"Maliza."

"Kama ni kifua chako amepata, sitakusamehe."

"Hata mimi," nikasema. Akinyi akatoka nje akatuachia benchi.

Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye macho ya kukosa usingizi. Aliinua ile picha kwenye mwanga wa dirisha. Moyo wangu ulikuwa unapiga hata kwenye lile sikio bovu.

"Si TB," akasema. "Sioni dalili yake. Ni ugonjwa wake mwenyewe umeshuka kifuani, na damu imepungua sana. Lazima aongezwe damu leo. Benki yetu ya damu imebakiwa na mifuko michache, naweza kuwapa, lakini lazima mlete watu wa kurudisha. Leo hii, kabla ya jioni."

Si TB. Nilitaka kupiga magoti, lakini hapakuwa na muda. Mimi niko kwenye dawa, hawanitaki. Rosa wakamfunua kope, nyeupe, wakamwambia yeye mwenyewe anahitaji damu. Akinyi alinitazama kando ya mlango.

"Shemeji, ningetoa yote. Unajua siwezi."

"Najua, shemeji."

Nikaondoka kwa miguu mpaka ofisini kwa Simiyu. Nilimkuta dirishani na kalamu zake mbili. Niliposimama mbele yake, karani mwenzake alisogeza kiti chake mbali.

"Uliniambia nisikuite, Kaka. Sijakuita. Nimekuja mwenyewe. Nafula anataka damu leo."

Kwa hili nitamheshimu daima: alisimama kabla sijamaliza. Alipita kwa wawili wa wale waliokuja naye siku ile, tukafika hospitali wanaume wanne, tunatweta. Kwenye mlango wa chumba cha kutolea damu nesi alituangalia, akasema maneno yake ya kila siku. "Mjue kila damu inapimwa. Magonjwa yote. Ukitaka majibu yako urudi wiki ijayo."

Mmoja akakumbuka ameacha ofisi wazi. Mwingine akasema anamsindikiza. Waliondoka wakiambizana saa ni ngapi.

Simiyu alibaki. Alikaa kwenye kiti, akalegeza tai, kisha mikono ikasimama pale pale shingoni. Sikuwa nimewahi kumwona kaka yangu akiogopa, hata baba yetu alipokufa.

"Wekesa," akasema polepole. "Na wakipata kitu?"

Watu walikuwa wengi ukumbini. Nesi alikuwa anasikia, na mgonjwa wa kiti cha pili alikuwa anasikia. Mimi ni mtu wa hasira, sikufichi, na lile swali lake lilikuwa limekaa mdomoni mwangu tangu siku ile ya varandani. Ningemwuliza mbele ya watu wote wale, neno kwa neno, kwa sauti yake ya mkutanoni. Nililisikia kabisa likipanda.

Nikalimeza.

"Kaka, mimi sikuulizi kitu. Nyoosha mkono tu."

"Na wakiniambia?"

"Wakikuambia utajua wewe. Si mimi, si ukoo. Nafula ana mpaka jioni."

Akavua koti akanipa nilishike. Akakunja shati, akanyoosha mkono, akageuza uso ukutani.

Damu aliyoongezwa Nafula haikuwa ile ya kaka. Alipewa mfuko wa benki, ya kaka ikaenda kupimwa kwanza. Niliketi nikiona matone yakishuka, na saa ya pili midomo yake ikaanza kupata rangi. Siku ya nne aliomba chapati, akakasirika alipopewa nusu. Rosa alicheka, halafu akalia, halafu akaweka mkono wake juu ya wangu bila kunitazama. Nilimaliza sindano zangu sitini nikiwa natokea wodini. Tembe nilizimaliza Januari, kwenye joto. Nafula sasa ana urefu wa mama yake na mdomo kunishinda. Dawa zake anazijua mwenyewe, na kwetu dirisha halifungwi na mtu bila kumwuliza.

Wiki moja baada ya kutoa damu, Simiyu alikwenda kuchukua majibu yake. Alikwenda peke yake. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya lango la hospitali, nikitoka kumwona mtoto, nikamwona akija na karatasi imekunjwa mara nyingi, ndogo mno mkononi mwake. Alisimama mbele yangu. Alikuwa anasubiri nimwulize.

"Umekula?" nikamwuliza.

Akaitia karatasi mfukoni.

"Bado," akasema.

Tukavuka barabara kwenda kutafuta chakula.